Jahazi la mfano 1:25: mlingoti unalala nyuma, tanga linaning'inia kama pazia

nahodha_mdogo

Wakuu, salaam. Niko kwenye mfano wa jahazi la Lamu, skeli 1:25, sentimita 60 kutoka hanamu (mti wa mbele kabisa) hadi fashini (mti wa nyuma). Mkuku (uti wa chini wa chombo), hanamu, fashini na mataruma (mbavu) viko tayari. Ubavu wa kulia umeshapanda mbao kumi na mbili, wa kushoto bado. Mlingoti nimeusimamisha kwa majaribio tu, bila gundi. Kabla sijaharibu zaidi naomba msaada:

1. Mbao zangu ni milimita 1.5 kwa 7. Naziloweka maji ya moto, nazipinda, nazipaka gundi na kuzibana papo hapo. Zikikauka zinaachia nafasi, mahali pengine karibu milimita 1. Halafu kule omo (mbele) kingo zinainuka, hazitaki kulala.

2. Nimefunga kamba tatu kila upande wa mlingoti na kuzikaza sawasawa. Sasa mlingoti umelala kuelekea tezi (nyuma), na nikilegeza unayumba.

3. Tanga ni pamba nyeupe. Linaning'inia tu, halina sura ya kushika upepo.

4. Nyuzi za unene gani, na rangi gani? Nimeona mifano mingi mitandaoni ina kamba nyeusi.

Tezo_na_Randa

Mkuu, nianze na mbao.

Acha ubavu wa kulia hapo ulipofika. Kumi na mbili upande mmoja bila jibu upande wa pili ni nyingi mno: kila mbao ikikauka inavuta, na mkuku mwembamba haushindani na mvuto huo. Weka jicho tezi, tazama mkuku mpaka omo. Ukiona umepinda hata milimita 2, funga chombo kwenye ubao ulionyooka, pandisha kushoto mpaka zilingane, ndipo ufungue. Kuanzia hapo ni moja kulia, moja kushoto, hadi juu.

Nafasi zinatokana na maji. Mbao iliyolowa huvimba kwa upana, urefu hauongezeki kwa kiasi cha kuhangaisha. Ukiigundisha ikiwa imevimba, inakauka na kurudi upana wake, na ile tofauti ndiyo unayoiona. Loweka dakika 20, ipinde polepole juu ya bomba la moto, ibane mahali pake BILA gundi, iache ilale usiku mzima. Asubuhi iondoe, itakuwa imeshika umbo. Sasa paka gundi nyeupe ya mbao ukingoni na juu ya mataruma, rudisha, bana. Vibanio vya nguo vilivyopunguzwa midomo vinatosha kabisa.

Kingo kuinuka kule omo ni tatizo jingine. Mbao nyembamba hupinda vizuri kwa bapa lake, haikubali kupindwa kwa ukingo. Ukiilazimisha, inainuka. Dawa ni kuipunguza upana. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye taruma la katikati kutoka mkuku hadi juu. Tuseme umepata milimita 168: gawanya kwa 7, ni mbao 24. Uzungushe ukanda huohuo kwenye hanamu, tuseme 108: gawanya kwa 24, ni 4.5. Basi kila mbao inafika omo ikiwa na milimita 4.5, ikianza kupungua kwenye taruma la nne au la tano kutoka mbele. Usishuke chini ya nusu ya upana (hapa 3.5), maana ncha itapasuka ukiitoboa. Hesabu ikikutaka ushuke zaidi, unganisha mbao mbili ziishie kwenye moja.

Tezi hali ni kinyume. Ukanda pale unaweza kusoma 182, na mbao zako 24 zinajaza 168 tu. Zile 14 zilizobaki zijaze kwa mbao mbili za umbo la kabari, ndefu, ncha zikielekea katikati ya chombo. Usipanue mbao zote ili kuziba. Mistari ya ubavu itakwenda mrama na jicho litaiona kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo ambalo hukuuliza: mataruma yako ni plaiwudi? Jahazi lina ngama (tumbo la kubebea mzigo) ya wazi, mtu akichungulia anaona mbavu zote. Mafundi wa jahazi hutafuta mti uliojipinda wenyewe, mkoko kwa mfano, ili nyuzi za mti zifuate mpindo. Plaiwudi iliyokatwa inaonyesha matabaka yake ukingoni na inakuumbua. Kama hutaki kuanza upya, bandika utepe mwembamba wa mbao halisi kwenye kingo zinazoonekana, ufuate mpindo. Na usiyapange kwa usahihi wa saa: yakipishana nusu milimita huku na huku ndiyo jahazi.

Gofia

Swali la pili na la nne ni langu.

Kamba nyeusi ni za merikebu za Kizungu, ambazo kamba zake za kushikilia milingoti zilipakwa lami. Jahazi kamba zake ni za makumbi ya nazi au katani: kahawia na manjano iliyofifia. Mfano wa jahazi wenye kamba nyeusi na ngazi za kamba kila upande ni jahazi lililovaa nguo za watu.

Unene hesabu mwenyewe: kamba halisi kwa milimita, gawanya kwa 25. Kwa chombo cha ukubwa huo mimi ningeweka hivi: henza (kamba nene ya kupandishia tanga) milimita 2, kamba za kushikilia mlingoti na joshi (kamba ya pembe ya mbele ya tanga) 1.2, jarari (ya kuvutia henza) na demani (ya pembe ya nyuma ya tanga) 1, hamarawi (za mkia wa foromali) 0.8, dasi (ya ukingoni mwa tanga) 0.7, na vikamba vya kufungia tanga kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, 0.4. Ukikosa unene kamili, chagua mwembamba. Kamba nene kupita kiasi inaua skeli kuliko kosa lolote la mbao.

Uzi wa pamba una manyoya na hubadilika na unyevu: ukilowa hujifupisha na kukaza, ukikauka unalegea. Poliesta inatulia, ila inang'aa. Chukua poliesta isiyong'aa, au kitani ukikipata, ivute mara tatu kwenye kipande cha nta ya nyuki, halafu itundike usiku mmoja ikiwa na uzito wa gramu 200 hivi ili imalize kunyooka kabla ya kufungwa. Henza nakushauri uisokote mwenyewe: nyuzi tatu, kila moja isokotwe upande mmoja mpaka ianze kujikunja, kisha uziache zijisokote pamoja upande wa pili. Anza na urefu uliozidi kwa nusu, kwa sababu usokotaji unakula.

Sasa mlingoti. Umeufunga kama nguzo ya bendera. Mlingoti wa jahazi husimama ukielekea omo kidogo. Wako una urefu wa sentimita 44? Kwa digrii 5 ncha itangulie mbele ya kitako kwa milimita 38. Kitako kiingie kwenye mwashiri (gogo la chini linalopokea mlingoti), usitie gundi, na juu yake uukazie kwenye boriti kwa kamba na kabari mbili ndogo. Kabari hizo ndizo zinazokupa mwinamo.

Kwa nini uiname mbele? Kwa sababu ya henza. Inatoka kwenye foromali, inapanda, inapita tundu la kichwa cha mlingoti, inashuka upande wa tezi mpaka kwenye gofia (kapi la mwisho wa henza). Kati ya gofia na kapi la chini lililofungwa sitahani inapita jarari, ile inayovutwa na mabaharia. Maana yake tanga likipanda, henza yenyewe inauvuta mlingoti nyuma. Ni kamba ya kupandishia na ni mshikizi wa nyuma kwa wakati mmoja. Wewe umefunga kamba sita, zote zimeshuka nyuma ya mlingoti, na mbele hakuna foromali wala tanga la kujibu. Utalala tu.

Na hizo kamba za pembeni hazikazwi sawa pande zote. Amua kwanza upepo unatoka wapi. Tuseme kulia: basi kulia ndiyo joshini, kushoto ndiyo demanini. Foromali na tanga vinakaa kushoto ya mlingoti. Kamba za kulia zinakazwa kwa sababu zinabeba. Za kushoto zinalegezwa, au zinafunguliwa kabisa na kuletwa karibu na mlingoti, la sivyo tanga litazilalia na kuchanika. Ndiyo maana mwisho wa kila kamba kuna tekeli ndogo ya makapi mawili na wala si fundo la kudumu: jahazi likigeuza upande, kamba nazo zinahama. Ukizikaza zote, mtu anayejua bahari ataona chombo kisichoweza kugeuka.

Foromali: sentimita 62, yaani kupita urefu wa chombo kidogo. Usiitengeneze kwa mti mmoja. Chukua miti miwili ya sentimita 39, ipishanishe sentimita 16 katikati, ifunge mahali matano kwa uzi wa 0.5, mizunguko minane kila mahali. Katikati unene wa milimita 7 kila mti, ncha 3. Mti ukiushika kwenye drili na msasa unaupunguza kwa dakika chache, ila shika msasa kwa wepesi, mti mrefu hupiga mjeledi. Henza usiifunge katikati ya foromali. Pima sentimita 24 kutoka ncha ya mbele, funga hapo. Sehemu ndefu iwe ya nyuma na juu.

Na tafadhali, supaglu ikae mbali na kamba. Inazifanya ngumu kama waya, zinakolea rangi, na pembeni inaacha unga mweupe usiotoka. Fundo lipate tone la gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Supaglu itumie sehemu moja tu: ncha ya uzi, ikauke, uikate mshazari, iwe sindano ya kupitia makapi. Tundu la kapi lizidi kamba kwa milimita 0.3.

Bi_Dasi

Naona kaka zangu wamemaliza mbao na kamba, tanga wameniachia.

Tanga lako linaning'inia kwa sababu umekata kitambaa bapa na ukakifunga kwenye mti ulionyooka. Foromali ikibeba upepo, mkia wake unapinda. Kwa hiyo ukingo wa juu wa tanga usikatwe kwa rula: kati ya ncha na ncha utoe tumbo la milimita 8 hivi kwenda nje. Likifungwa, ule ziada ndio unaotuna.

Vipimo vinavyokwenda na foromali ya 62: ukingo wa juu sentimita 58, ukingo mfupi wa mbele 6, wa chini 40, wa nyuma 46. Usiusahau ule mfupi wa mbele. Tanga la pembe tatu kamili litafanya chombo chako kionekane cha bahari nyingine.

Kitambaa kiwe chepesi kuliko unavyodhani. Leso ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko kitambaa kipya cha dukani, ambacho kina wanga. Tanga halisi limeungwa kwa vipande virefu, na mishono yake huenda sambamba na ukingo wa nyuma. Usikate vipande. Chora mistari kwa penseli ngumu kila milimita 25, pande zote mbili, ipatane. Ukitaka kushona kwa cherehani, kumbuka hatua ya milimita 2 ni sawa na sentimita 5 kwenye tanga halisi. Hakuna fundi matanga anayeshona hivyo. Penseli inatosha.

Pindo lisizidi milimita 3. Ukingoni shona dasi kwa mkono, upande mmoja wa kitambaa, kila milimita 3 mshono. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanauvuta uzi, ukingo unakunjamana kama kiuno cha gagulo. Tandaza tanga mezani, libandike kwa tepu, dasi ilale juu yake bila kuvutwa, kisha shona ukigusa tu. Kwenye pembe zote nne iache dasi itoke kitanzi kidogo. Vitanzi hivyo vitapokea joshi mbele chini, demani nyuma chini, na vikamba vya foromali.

Umbo la upepo: sehemu 1 ya gundi nyeupe kwa 5 za maji. Chovya tanga, likamue, lilaze juu ya bakuli kubwa lililogeuzwa na kufunikwa nailoni, tumbo likiwa karibu zaidi na ukingo wa mbele kuliko wa nyuma. Acha likauke lenyewe. Ukingo wa nyuma ukiwa bado unaanguka, pitisha waya wa shaba wa 0.3 ndani ya pindo.

Rangi: chai ya rangi, nyepesi, kabla ya gundi.

Tezo_na_Randa

Dada, kwenye chai nakupinga. Inatia madoa yasiyolingana, pindo linanywa zaidi kuliko katikati. Rangi ya maji ya akriliki, kahawia na manjano kidogo, iliyopunguzwa mpaka iwe kama maji ya kuoshea brashi, inakaa sawa.

Bi_Dasi

Hayo madoa ndiyo ninayoyataka. Tanga lililotoka baharini halina rangi moja.

nahodha_mdogo

Shukrani sana, wakuu. Nimeweka jicho tezi: mkuku umepinda milimita 1 kwenda kulia. Nitaufunga kwenye ubao leo. Bado nina maswali mawili. Mpangilio wa kazi ya kamba ni upi, nini kwanza? Na chombo kipakwe nini: vanishi?

Gofia

Mpangilio: kazi yote unayoweza kuifanya mezani, ifanye mezani. Mkono ukiingia chomboni unavunja kitu.

Mlingoti ukiwa bado mkononi, pitisha henza kwenye tundu la kichwa na ufunge vichwa vya kamba za pembeni. Foromali iko mezani: funga tanga kwa vikamba vya 0.4, kila sentimita 2.5 kimoja, kila kimoja mizunguko miwili na fundo lake. Usizungushe uzi mmoja mrefu mwanzo hadi mwisho. Ukikatika mahali pamoja tanga zima linaachia. Anzia pale panapofungwa henza kwenda ncha zote mbili, tanga litatandazika lenyewe. Funga pia hamarawi kwenye mkia wa foromali, na mkanda wa kamba utakaoikumbatia kwenye mlingoti. Huo mkanda usibane: ukiweka kidole foromali iteleze juu na chini.

Ndipo simamisha mlingoti, kabari mahali pake, funga henza kwenye foromali, pandisha kwa jarari. Mwinamo wa foromali karibu digrii 50, ncha ya mbele ikiwa juu kidogo ya omo. Kisha joshi, ivutwe mbele hadi hanamu. Kisha demani, nyuma, upande wa demanini. Hapo tazama mlingoti: utakuwa umejitafutia mahali pake kati ya henza na tanga. Sasa ndipo unakaza kamba za joshini, moja moja, kidogo kidogo, mpaka uzi ukiugusa unatetemeka bila mlingoti kusogea. Zikiusogeza, umezidisha. Hamarawi mwisho, ya joshini imekaza kidogo, ya demanini imelegea na kuning'inia.

Kulegea nako kuna kazi yake. Uzi wa milimita 0.8 hauna uzito wa kuning'inia kama kamba halisi, utasimama hewani kama sindano. Ulowanishe kwa ile gundi ya Bi Dasi, utundikie kibanio katikati mpaka ukauke, utashuka kwa mpindo wa kweli. Mabaki ya jarari yakunje duara sitahani kwa namna hiyohiyo.

Usikate ncha ya kamba hata moja kabla hujaziona zote. Acha sentimita 10 kila moja, zikae siku tatu. Zilizolegea utazikaza, halafu ndipo mkasi.

Tezo_na_Randa

Vanishi ya kung'aa hapana. Jahazi juu ya maji lina mbao zilizopakwa mafuta, chini ya maji lina deheni: chokaa na mafuta ya mnyama, nyeupe iliyochafuka. Kwa mfano, juu paka mafuta ya kitani tabaka mbili nyembamba, futa ziada baada ya dakika 15. Chini paka rangi nyeupe isiyong'aa yenye tone la kahawia, kwa brashi ngumu, iwe na michirizi. Mstari wa kukutania weka kwa tepu, ukishatoa tepu uvunje kidogo kwa msasa laini.

Mambo mawili. Gundi haishiki kwenye mafuta, kwa hiyo kila kinachogundishwa nje, pamoja na macho ya omo na bawaba za usukani, kiwe kimeshakaa kabla ya mafuta. Na vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa pipani. Vinapokauka vinatoa joto na vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe majini.

Misumari: vichwa vyake kwa skeli hii ni milimita 1 hivi, viwili kwa kila taruma katika kila mbao. Toboa 0.8, ingiza kijiti cha mwanzi, kata, piga msasa. Ni vingi, zaidi ya elfu moja. Ukichoka, chovya ncha ya sindano butu kwenye rangi ya kutu na uguse tu. Ila usichanganye na mtepe, chombo cha kale cha pwani: huo ulishonwa kwa kamba na tanga lake lilikuwa la mkeka, la mraba, hauna msumari hata mmoja.

nahodha_mdogo

Zaidi ya elfu... nitaanza na sindano. Mkuu Gofia, kapi la chini la jarari liko mbali kiasi gani nyuma ya mlingoti?

Gofia

Sentimita 4 hadi 5 kwa chombo chako, kwenye boriti imara, si kwenye mbao za sitaha. Likikaa karibu sana na mlingoti henza inashuka wima na haivuti nyuma, utarudi kwenye shida ileile. Gofia yenyewe iwe na urefu wa milimita 16 hadi 18, na tanga likiwa juu kabisa iwe imeshuka karibu na kapi la chini, si karibu na kichwa cha mlingoti.